Leseni ya kaunti hailindi jina la biashara yako

Wafanyabiashara wengi wadogo huamini kuwa wakishalipia leseni ya kila mwaka katika ofisi za kaunti, jina lililoandikwa kwenye leseni hiyo ni lao. Sivyo. Leseni humruhusu mtu kufanya biashara mahali fulani, basi. Hata cheti cha jina la biashara kinachopatikana kupitia eCitizen hakimpi mwenyewe uwezo wa kumzuia mwingine kubandika jina hilo kwenye bidhaa zake.

Uwezo huo hutokana na usajili wa alama ya biashara, unaofanywa na Taasisi ya Haki Miliki ya Viwanda (KIPI) jijini Nairobi.

Tuseme mama mmoja anapakia asali kwenye chupa na kuipa jina. Baada ya miaka mitatu, wateja wanaiulizia kwa jina hadi kaunti jirani. Mtu mwingine anaona soko, anachapisha lebo yenye jina lilo hilo, kisha anakimbilia KIPI kwanza. Sasa mama ndiye anayelazimika kujitetea. Sheria haijamfungia mlango: anaweza kudai kuwa mwenzake anauza bidhaa kana kwamba ni zake. Lakini ni juu yake kuthibitisha kwamba wateja walimjua yeye mapema, na kesi yaweza kumgharimu kuliko asali aliyouza.

Jina lenyewe nalo lina uzito. "Asali Tamu" halitafika mbali, kwa kuwa linaeleza bidhaa tu, na kila mrina asali anahitaji maneno hayo. Neno la kubuni hupita kwa urahisi zaidi. Kenya inalijua suala hili kutokana na kikoi. Mwaka 2006 kampuni moja iliomba kusajili neno "Kikoy" nchini Uingereza kuwa alama yake. Ombi hilo lilipingwa kwa niaba ya wafumaji wa Kenya, na halikufaulu.

Kabla ya kuchapisha lebo elfu moja, mwenye biashara anashauriwa kuomba KIPI itafute kama kuna alama inayofanana na yake. Kisha hujaza fomu na kulipa ada kulingana na daraja la bidhaa. Madaraja ni 45. Asali iko la 30, sabuni la 3. Ombi likikubaliwa hutangazwa katika jarida la KIPI, na yeyote ana siku 60 za kulipinga. Usajili hudumu miaka 10 na huweza kufanywa upya.

Ulinzi huo ni wa Kenya pekee. Anayeuza Uganda au Tanzania anahitaji ulinzi wa huko pia. Vikundi, kwa mfano vya wasusi wa vikapu, vinaweza kusajili alama ya pamoja inayotumiwa na wanachama wote.

Wakati ombi likisubiriwa, ni vyema kuhifadhi risiti za mauzo ya mwanzo, lebo za kwanza na picha zenye tarehe.