Mchanga wa Kunduchi Hauna Ofisi

Daladala za Barabara ya Bagamoyo, Dar es Salaam, bado zina kituo kinachoitwa Africana, ingawa hoteli iliyokipa jina haipo tena. Bahari iliimega kidogo kidogo mpaka ikabaki magofu. Hoteli nyingine za Kunduchi zilijitetea kwa kujenga vikuta vya mawe na zege vinavyotoka ufukweni na kuingia majini, ili vinase mchanga, na hakuna wa kumlaumu mtu anayelinda mali yake. Ila kikuta hakizalishi mchanga. Kinauzuia tu ule uliokuwa safarini. Upande mmoja ufukwe unanenepa, upande wa pili unakonda, na jirani aliyekondeshewa naye anajenga cha kwake, hivyo hasara inasukumwa mbele kwa anayefuata. Wa mwisho katika mstari huo mara nyingi ni mvuvi wa kijijini, ambaye hana zege wala mhandisi.

Safari ya mchanga huo si siri. Wakati wa kusi mawimbi huupiga ufukwe kwa mshazari na kuusukuma mchanga kuelekea kaskazini. Wakati wa kaskazi sehemu yake hurudi, lakini si wote. Pengo linalobaki lilikuwa likizibwa na mito kama Mbezi na Tegeta, ambayo kila masika iliteremsha mchanga kutoka bara. Kisha jiji likakua. Sensa ya 1967 iliikuta Dar es Salaam ina watu wasiofika laki nne. Ya 2022 iliwakuta 5,383,728, na kila mmoja wao anahitaji ukuta na sakafu. Malori yakafuata mchanga mtoni, kwa kuwa ni wa karibu na nafuu kwa mpiga tofali. Kwa hiyo sehemu ya ufukwe wa Kunduchi imesimama leo kama nyumba za Mbezi na Tegeta. Ukiongeza matumbawe yaliyovunjwa kwa baruti huko nje, ambayo kazi yake mojawapo ni kupunguza nguvu ya mawimbi kabla hayajafika nchi kavu, unapata hesabu inayoeleweka hata bila kutaja kupanda kwa kina cha bahari. Nako kunakuja, na kutaukuta ufukwe umekwisha kudhoofika.

Sasa tuulize hesabu hiyo ilikuwa kazi ya nani. Mchanga ukiwa mtoni unahusu madini na halmashauri. Matumbawe yapo chini ya uvuvi na hifadhi za bahari. Mikoko ni mali ya watu wa misitu. Kiwanja cha hoteli kina ofisa wa ardhi, biashara yake ina wizara ya utalii, na kikuta chake kina mhandisi. Kila mmoja anaweza kuwa mwaminifu na mwenye shahada nzuri, na ufukwe ukaondoka wote wakiwa kazini. Hoja yangu ni kwamba pwani ya vitongoji hivi imekosa taaluma inayojitegemea: mtu aliyefunzwa kufuata punje ya mchanga kutoka mtoni hadi baharini, akavuka mipaka ya ofisi zote hizo bila kupotea njia, na akaajiriwa kwa kazi hiyohiyo.

Wasomi wa bahari tunao, tena wengine wako palepale. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kituo chake cha bahari Kunduchi, na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, iliyoundwa 1980, nayo ina kituo eneo hilohilo. Ng'ambo, Zanzibar, ipo Taasisi ya Sayansi za Bahari ya chuo hicho tangu miaka ya 1970, na Mbegani, Bagamoyo, vijana hufundishwa uvuvi chini ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA. Sheria pia hazijakosekana. Visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini vilitangazwa hifadhi mwaka 1975. Sheria ya Hifadhi za Bahari ikaja 1994. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ikaweka ukanda wa mita 60 kutoka ufukweni na kutaka kila halmashauri iwe na ofisa wa mazingira. Kati ya hizo mbili, mwaka 1997, ulianzishwa ushirikiano wa serikali na Chuo Kikuu cha Rhode Island cha Marekani uliozaa mkakati wa taifa wa kusimamia pwani kama kitu kimoja. Mkakati ulikuwa mzuri. Uliwakabidhi kazi watu ambao mafunzo yao yaliendelea kuwa ya sekta mojamoja.

Jaribio lililokaribia ninachokisema lilifanywa na WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari chenye makao Zanzibar, kwa kushirikiana na chuo hichohicho cha Rhode Island: mpango wa kuwathibitisha kitaaluma watumishi wa hifadhi za bahari katika ukanda wetu wa Bahari ya Hindi, uitwao WIO-COMPAS. Una ngazi tatu, kuanzia askari wa doria anayeendesha boti, kupitia msimamizi wa hifadhi, hadi anayetunga sera. Kinachonivutia ni mizani yake. Mtahiniwa hapewi cheti kwa sababu amehudhuria; anapimwa kwa uzoefu wake, kwa mtihani na kwa maadili ya kazi. Mlinzi wa Bongoyo anaweza kuthibitishwa kuwa mtaalamu bila kwanza kugeuzwa mwanabiolojia. Upungufu wake ni mmoja: uliandikwa kwa ajili ya hifadhi, wakati tatizo la wilaya za Kinondoni na Temeke liko nje ya hifadhi, kwenye viwanja, mito na madampo.

Wapo watakaosema tatizo si elimu, ni kukosa nguvu: sheria zipo, zitekelezwe. Historia ya uvuvi wa baruti inajibu vizuri zaidi kuliko nadharia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 jeshi la majini liliingizwa katika vita dhidi ya uvuvi huo na milipuko ikapungua sana. Shinikizo lilipolegea, ikarudi, na kufikia katikati ya miaka ya 2010 maji ya karibu na Dar es Salaam yalikuwa miongoni mwa yaliyoathirika zaidi katika pwani yote. Nguvu peke yake ilidumu kadiri boti ilivyokuwa na mafuta. Kesi ya baruti, hata hivyo, haimaliziki baharini. Ofisa aliyeko sokoni lazima amjue samaki aliyeuawa kwa mlipuko: uti wa mgongo uliokatika, kifuko cha hewa kilichopasuka, damu iliyovilia tumboni wakati ngozi ya nje ni nzima. Ajue pia kumhifadhi samaki huyo kama kielelezo na kumweleza hakimu kwa nini mshipi au jarife haviwezi kumfanya vile. Yote hayo ni utekelezaji wa sheria, na yote hayo hufundishwa. Anayetaka nguvu bila mafunzo anataka makamanda watakaoshindwa mahakamani.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: wavuvi wanaijua bahari kuliko mhitimu yeyote. Ni kweli. Nahodha wa ngalawa anasoma bamvua na maji mafu bila kitabu, na anajua mwamba upi umekufa kwa sababu amezoea kukosa samaki pale. Lakini ujuzi huo haumfikii mpanga miji kama haujawekwa katika vipimo. Programu ya hifadhi ya pwani ya Tanga, iliyoanza 1994, ilionyesha kwamba wavuvi wakifunzwa njia rahisi ya kuhesabu samaki na kukadiria matumbawe hai wanaweza kushiriki kuamua mwamba upi ufungwe. Mafunzo hayakuufuta ujuzi wao. Yaliupa hadhi ya ushahidi. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, vilivyopewa nafasi na sheria ya 2003, vingepaswa kuwa madarasa ya namna hiyo, badala ya kuitwa tu pale kiongozi anapozuru.

Temeke inatoa mfano wa kinyume, wa kazi isiyosikiliza ujuzi wowote. Mito Kizinga na Mzinga hupita pembezoni mwa Mbagala na kuingia kwenye hori la Mtoni, ambako mikoko hushika tope na kulea kamba wadogo. Kila mwenye nia njema anataka kupanda miti, na mche wa mkoko ni rahisi kuchomeka na unapendeza kwenye picha. Lakini mlilana ndio unaovumilia ukingo wa mbele unaopigwa na mawimbi, mkandaa unataka tope la nyuma linalofikiwa na maji mara chache zaidi, na mchu hustahimili chumvi kali. Mche ukipandwa pasipo pake hufa, hata kama aliyeuchomeka ni mkuu wa mkoa. Tena mara nyingi penye mbegu na maji yanayoweza kupita upandaji hauhitajiki. Inatosha kuzibua njia ya maji na kuzuia shoka. Ushauri huo haumpi mfadhili kibao cha jina lake, na ndiyo maana anatakiwa mtu ambaye ajira yake haitegemei kibao.

Pingamizi ninaloliogopa ni la tatu: kwamba mafunzo Tanzania yameharibiwa na semina. Siku tatu hotelini, posho, mkoba wenye nembo, cheti chenye mhuri, na Jumatatu ofisa amerudi kwenye meza ileile. Siwezi kulikanusha. Ila tiba yake ni kubadili kinachopimwa na kuweka kiti cha kukalia baada ya kufuzu. Muundo wa utumishi wa halmashauri unamtambua ofisa uvuvi, ofisa misitu na ofisa mazingira. Aliyefunzwa pwani huajiriwa kwa moja ya majina hayo, au hukimbilia mradi wa wafadhili, na mradi ukifungwa ujuzi unaondoka naye. Gharama si kisingizio kikubwa. Kuta za kuzuia bahari zilizokamilika 2018 kando ya Barabara ya Ocean na kule Kigamboni zilitoka katika mradi wa karibu dola milioni 5, na huenda zilistahili. Kufuatilia ufukwe kunahitaji fimbo mbili zenye vipimo, kamba, alama isiyohama, na kijana wa kidato cha nne aliyefundishwa kusoma tofauti ya urefu akiutazama mstari wa upeo wa macho. Apime kila bamvua, kusi na kaskazi, kutoka mdomo wa Mbezi hadi Ununio. Baada ya miaka mitatu, ofisa wa Kinondoni akiletewa maombi ya kikuta kipya ataweza kumwonyesha mwombaji, kwa namba, ni ufukwe wa jirani yupi utakaoliwa.