Tarehe 1 Agosti: asubuhi kwa wafu, alasiri kwa walio hai

Kila mwaka, tarehe 1 Agosti, Lubumbashi huamka mapema ingawa ni siku ya mapumziko. Saa kumi na mbili asubuhi baridi bado imeushika mji, watu wamevaa makoti na kofia za sufu, na ukisimama kwenye barabara inayoelekea makaburini utaona familia nzima zikitembea na majembe begani, mapanga, fagio, ndoo za maji na makopo ya rangi nyeupe. Mgeni angedhani wanakwenda shambani. Ni sikukuu ya wazazi, na katika nchi yetu ina sehemu mbili: asubuhi ni ya wazazi waliokufa, alasiri ni ya wazazi walio hai.

Katika makala haya nataka kueleza kwa nini siku hii humrudisha mtu nyumbani akiwa tofauti na alivyotoka. Wengi wetu hapa kitivoni tumezoea kusema kwamba ni desturi tu, au siasa ya zamani iliyosahauliwa ndani ya kalenda. Mimi nilisema hivyo pia, na kwa miaka mitatu sikwenda. Sasa naona kwamba nguvu ya siku hii iko mahali ambapo mwanafunzi wa lugha anapaswa kuwa wa kwanza kupaona: katika majira iliyowekewa, na katika namna inavyotubadilishia nafsi na njeo za vitenzi.

Nianze na kalenda. Sikukuu hii ni urithi wa wakati wa Mobutu, miaka ile ya siasa ya uhalisi. Mwaka 1971 nchi ilipewa jina la Zaire na Katanga ikaitwa Shaba; mwaka uliofuata majina ya Kikristo yakakatazwa; mwaka 1974 Noeli ikaondolewa katika orodha ya siku za mapumziko. Mengi ya hayo yamekufa pamoja na utawala wenyewe. Zaire haipo, Shaba imerudia jina la Katanga, majina ya ubatizo yamerudi katika vitambulisho vyetu, na Noeli inasherehekewa kwa kelele kuliko zamani. Tarehe 1 Agosti imebaki, na hakuna askari anayemlazimisha mtu kubeba jembe.

Jibu langu la kwanza ni udongo. Wamisionari walituletea siku zao za wafu, yaani tarehe 1 Novemba ya watakatifu wote na tarehe 2 Novemba ya marehemu wote. Huko Ubelgiji, Novemba ni mwezi wa majani kupukutika na mchana kufupika. Kila kitu nje kinamkumbusha mtu kifo. Kwetu Novemba ni kinyume chake. Mvua zinashika, watu wako mashambani wanapanda mahindi, na nyasi zinapanda haraka hata kaburi lililosafishwa wiki hii halionekani tena kabla ya Noeli. Si kwamba Wakatoliki wa Lubumbashi hawaadhimishi siku hizo. Wanaziadhimisha, na misa zinajaa. Lakini mwili na jembe vinajua kwamba Novemba si wakati wake.

Agosti, kwa upande mwingine, tunakuwa na zaidi ya miezi mitatu bila mvua. Baridi ya Juni na Julai inaanza kulegea. Nyasi zimekauka au zimeungua, upepo umeleta vumbi jekundu juu ya kila kitu, na ardhi iko wazi: unaona kila kilima kidogo, kila msalaba ulioinama, kila jiwe. Ni wakati pekee wa mwaka ambapo wafu wa mji huu wanaonekana wote. Na ukiwa na jembe mkononi unajua kwamba una wiki chache tu kabla mvua haijarudi kufunika kila kitu. Sikukuu inayofuata majira hukupa kazi yenye mwisho wake, na hilo kwangu si jambo dogo. Huzuni haina mwisho unaoonekana, lakini kaburi lililofagiwa utalimaliza kabla jua halijawa kali.

Baba yangu alizikwa Januari. Mvua ilinyesha tangu usiku wa kilio hadi tulipotoka makaburini, na ninachokumbuka zaidi ni viatu vyangu vilivyokwama kwenye matope. Baadaye kukatokea maneno ya nyumba. Karatasi za kiwanja zilikuwa kwa baba mkubwa, kaka yake baba, na siku moja, mbele ya watu, yeye na mimi tuliambiana mambo ambayo sitayaandika hapa. Tangu siku ile sikumsalimia. Na kwa kuwa ni yeye aliyekuwa akiwaongoza wote makaburini tarehe 1 Agosti, mimi nilibaki nyumbani na vitabu vyangu, nikijiambia kwamba mtu aliyesoma hahitaji sikukuu ya serikali ili amkumbuke baba yake.

Mwaka wa nne mtoto wa dada yangu, mwenye umri wa miaka sita, aliniuliza nkambo wake anaitwa nani. Nilimwambia. Akauliza: «Iko wapi?» Nilifungua mdomo kumweleza njia, nikagundua kwamba sijui.

Hapa ni lazima nimlete John Mbiti, ambaye wengi wenu mmemsoma darasani. Katika kitabu chake juu ya dini na falsafa za Kiafrika, kilichotoka mwaka 1969, mwanateolojia huyo wa Kenya alichukua maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, akayatumia kama istilahi. Kwa Mbiti, mtu akifa haingii mara moja katika zamani. Anabaki upande wa sasa, akiwa mfu aliye hai, maadamu wapo watu waliomjua na wanaoweza kumtaja kwa jina lake. Siku atakapokufa wa mwisho aliyemjua, ndipo anapozama katika zamani, kundi la wasio na jina. Mbiti amekosolewa sana. Okot p'Bitek alimshutumu yeye na wenzake kwa kuivika dini ya Kiafrika nguo za Wagiriki, na sehemu ya lawama hiyo naikubali. Lakini swali la mtoto wa miaka sita lilinifanya nielewe kile ambacho mtihani haukunifanya nielewe. Baba yangu alikuwa anaelekea zamani kwa sababu ya ugomvi wangu mimi.

Basi nilikwenda, nikimshika mtoto mkono. Makaburi yalikuwa yamebadilika. Njia ya zamani ilikuwa imejaa makaburi mapya, kuta za nyumba zilikuwa zimesogea karibu, na vibao vingi vya chuma vilikuwa vimeibwa, bila shaka viliuzwa kwa kilo. Tulizunguka karibu saa nzima. Hatimaye nilimwona baba mkubwa ameinama, anafagia. Yeye hakuhitaji kibao. Alikuwa amehesabu mistari tangu kwenye mwembe. Hakunisalimia. Alininyooshea jembe, akasema: «Kamata.» Nikakamata.

Tulipomaliza alisimama upande wa miguu ya kaburi, akavua kofia, akasema kwa Kiswahili chetu cha hapa: «Mudogo yangu, tumeishafika. Mutoto wako njo uyu.»

Naomba wasomaji wa kitivo hiki wazitazame sentensi hizo mbili kama tunavyotazama data. Kwenye kilio, na miaka yote baadaye, marehemu ni nafsi ya tatu na njeo iliyopita: alikuwa mtu mwema, alipenda watu, alifanya kazi. Hata majina tunayompa yanamweka mbali. «Marehemu» limetoka katika Kiarabu na maana yake ni aliyerehemewa. Ni mtu ambaye shauri lake limekwisha mikononi mwa Mungu. («Hayati», ajabu, limetokana na neno la Kiarabu la uhai. Sijui darasa lolote la etimolojia ambalo halikucheka lilipofika hapo.) Asubuhi ya tarehe 1 Agosti sarufi hiyo inageuzwa. Marehemu anakuwa nafsi ya pili. Njeo inakuwa timilifu: tumeishafika, jambo limekamilika sasa hivi na matokeo yake yako mbele yako. Na aliyesogezwa katika nafsi ya tatu ni nani? Ni mimi, niliye hai. «Mutoto wako njo uyu.» Kwa miaka mitatu nilikuwa na baba mkubwa kama «wewe» na «mimi» wa ugomvi, pale kaburini wao wawili ndio waliokuwa wakizungumza, ndugu kwa ndugu, na mimi nikawa mtu anayeletwa. Sikuwa na zamu ya kusema. Sikuwahi kupumzika namna ile.

Victor Turner angesema nilikuwa katikati ya kizingiti. Turner alifanya utafiti wake miaka ya 1950 kwa Wandembu, watu wenye asili ya Kilunda wanaoishi kaskazini-magharibi mwa Zambia, karibu kabisa na mpaka wetu. Kutoka kwa Arnold van Gennep, aliyeandika mwaka 1909, alichukua wazo kwamba mila za kuvuka zina hatua tatu: mtu hutengwa na hali yake ya kawaida, hukaa kwa muda mahali pasipo cheo, kisha hurudishwa akiwa na nafasi mpya. Alichoongeza yeye ni uzito wa hatua ya kati, ambapo mkubwa na mdogo wanakuwa sawa. Kaburini, wenye vumbi kichwani, mwenye karatasi za kiwanja na asiye nazo hawatofautiani sana.

Mpangilio huu wa wafu kwanza, walio hai baadaye, haukuzaliwa ofisini Kinshasa. Vuka Luapula uende Mwansabombwe, kwa Walunda wa Mwata Kazembe, ambao masimulizi yao yanawatoa huku kwetu, kwa Mwata Yamvo. Kila mwaka, mwishoni mwa Julai, wanafanya Umutomboko. Kwanza Mwata hupakwa unga mweupe, huwaheshimu wakale wake na kutoa chakula katika mto Ng'ona; baadaye ndipo anapocheza mbele ya umati akiwa na upanga na shoka. Mbali zaidi, Makunduchi huko Unguja, Mwaka Kogwa hufanyika Julai vilevile: wanaume hupigana kwa migomba ili kinyongo cha mwaka kiishe, na kibanda huchomwa moto. Sidai kwamba desturi hizi ni ndugu wa damu. Makunduchi wanafuata mwaka wa Nairuzi wenye asili ya Uajemi. Lakini zote tatu zinaangukia wakati ardhi imekauka, na kila moja ina kazi ya mwili ambayo ni lazima ifanyike kabla watu hawajakaa kula.

Kuna wasiokubali, na wako hata ndani ya nyumba yetu. Mama anasali katika kanisa la uamsho ambako wanafundishwa kwamba wafu hawasikii, na kwamba kusema nao ni kufungua mlango kwa pepo. Haendi makaburini. Simlaumu, hoja yake ina Biblia nyuma yake, na anaijua Biblia kuliko mimi. Tuliporudi siku ile, yeye alikuwa jikoni na sombe kwenye sufuria. Dada yangu alitaka kuongeza chumvi, mama akamzuia mkono: «Baba yenu anapendaka chumvi kidogo.»

Hicho kiambishi -ka cha mwisho tunakitumia hapa Lubumbashi kwa tendo la mazoea, mahali ambapo Kiswahili sanifu kingeweka hu-: hupenda. Mama angeweza kusema «alikuwa anapendaka». Hakusema. Sikumwonyesha, maana kuna data ambazo mtu hazikusanyi kwa mama yake. Lakini niliona kwamba sikukuu imemfikia hata yeye aliyeikataa, kupitia chakula cha alasiri.

Alasiri ni sehemu ambayo wageni huiona rahisi: watoto huwapelekea wazazi kitenge, sabuni, kuku, soda, na picha hupigwa. Kwa kweli ndiyo ngumu. Asubuhi mfu hakujibu. Alasiri aliye hai atajibu. Baba mkubwa alifika saa tisa, akasimama mlangoni mwa nyumba ambayo hakuwa ameingia kwa miaka mitatu. Mama alimwambia: «Shemeji, karibu,» akamwekea kiti kile cha baba. Tulikula bukari na sombe, tukanywa munkoyo. Hakuna aliyetaja karatasi hadi sahani zilipoondolewa. Ndipo yeye mwenyewe akasema, akiniangalia mimi safari hii: «Ile maneno ya nyumba, tutaisema. Si leo.» Nikajibu: «Ndiyo, baba.» Neno hilo, baba, lilikuwa na miaka mitatu halijatoka mdomoni mwangu. Tulizisema karatasi mwezi Septemba, kisha Oktoba, na hatujamaliza. Tunazisema lakini.

Kabla hatujaondoka makaburini asubuhi ile, mtoto alitaka kuandika. Baba mkubwa alimshikia kopo la rangi, mimi nikamtajia herufi moja moja, naye akaziandika juu ya saruji kwa brashi iliyokuwa nene mno. Jina la baba ni refu. Nafasi iliisha kabla ya silabi ya mwisho, ikabidi aiandike chini, peke yake. Rangi iliyobaki iko chini ya kitanda cha mama, tumeifunga kwa plastiki isikauke; mwakani tutaanzia pembeni zaidi.