Je, Wajua? Walikwenda sita, akarudi mmoja

Januari 1761 wanaume sita waliondoka Copenhagen, Denmark, kwenda kuichunguza Arabia ya kusini. Alirudi mmoja tu, mpima ardhi Carsten Niebuhr, mwaka 1767. Wenzake watano waliuawa na maradhi.

Miaka 1869–1870 msomi Joseph Halévy alipita Yemen, iliyo kusini mwa Arabia, katika mavazi ya rabi maskini. Alirudi na nakala zaidi ya 600 za maandishi ya kale yaliyochongwa kwenye mawe! Aliyemwongoza njiani alikuwa Hayyim Habshush, mfua shaba wa Sanaa.

Ukuta wa bwawa la Marib, mji mkuu wa Saba, ufalme wa kale wa Yemen, ulikuwa na urefu wa karibu mita 600. Kuvunjika kwake kumetajwa katika Kurani. Mabaki ya milango yake ya mawe ya kupitishia maji yangali yamesimama.

Hazina ya Yemen ya kale iliyo tamu kuliko zote ni ndogo: vijiti vya pongoo za mtende, vinene kama kidole, vilivyoanza kujulikana miaka ya 1970. Vimechanjwa kwa ncha kali, herufi zimelala na kubanana, mkono wa mtu mwenye haraka. Ni barua, madeni na mikataba ya watu wa kawaida.