Namba Tasa na Mgawanyo wa Urithi

Kabla ya mwaka 1982, ambapo Kenya ilipiga marufuku kupeleka boriti ng'ambo, majahazi yaliyopakia katika Bandari ya Kale ya Mombasa yalihesabiwa miti kwa korja, yaani ishirini ishirini. Korja ni hesabu ya starehe: wawili wataigawanya, wanne wataigawanya, hata watano. Wakija watatu, ugomvi huanza. Ishirini ni 2 mara 2 mara 5, na 3 haimo.

Namba kama 2, 3, 5, 7 na 11 huitwa tasa, kwa kuwa hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe. Jina hilo naona si la haki, maana ndizo wazazi wa namba nyingine zote. Anza ishirini kwa 4 mara 5, au kwa 2 mara 10. Ukizidi kuzivunja utafika kwenye 2, 2 na 5 tu.

Msomaji asidhani haya ni mambo ya darasani. Tuseme mtu wa Kibokoni, Mwislamu, amefariki, na madeni na wasia vimekwisha kuondolewa. Ameacha mjane, wana wawili na mabinti watatu. Mjane hupata thumni, yaani sehemu moja katika nane. Zimebaki saba, na kila mwana huhesabiwa kama mabinti wawili: 2 na 2 na 3 ni saba. Kila binti apewe moja, na kazi imekwisha.

Lakini mabinti wakiwa wanne? Watoto sasa wanadai mafungu manane, na yaliyobaki ni saba. Saba na nane hazina kigawo cha pamoja ila moja, basi hakuna njia ya mkato: nane mara nane, 64. Mjane 8, kila mwana 14, kila binti 7.

Rupia iliyopigwa mwaka 1888 kwa jina la Mombasa ilikuwa na pesa 64! Kwa kila rupia ya marehemu, binti angehesabiwa pesa saba kamili. Ilipokuja shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1921, ikiwa na senti 100, thumni ya mjane katika shilingi moja ikawa senti 12 na nusu, na sarafu ya nusu senti haikuwako. Mia ni namba kubwa kuliko 64, ila ndani yake mna 2 mbili tu, na thumni hutaka tatu.

Wakiwa wana wanne na mabinti watatu, mafungu ya watoto ni 11, namba tasa isiyosikia la mtu, na urithi hukatwa mafungu 88. Nyumba ya mawe ya Mji wa Kale haikatwi vyumba 88. Hapo warithi hukubaliana mmoja awalipe wenziwe, au nyumba iuzwe, na kila mtu ahesabiwe fedha zake kwa mafungu yale yale.