Shanta la Kupandia Mlima

Sisi wanafunzi wa shule ya kutwa tumezoea kubeba begi kila asubuhi na kila jioni, kwa hivyo mtu akituambia kwamba kuchagua begi kuna elimu yake, tunamcheka. Begi si ni begi tu? La hasha! Begi la kupelekea vitabu darasani na shanta la kupandia Mlima Kenya ni tofauti kama punda na farasi. Nimeonelea niandike juu ya jambo hili kwa sababu wenzetu kadhaa wa Tuzo ya Rais wanajiandaa kwa safari, na nasikia wengine wanataka kujiondoa, eti shanta la dukani ni ghali mno na wazazi wamekataa kata kata.

Hebu kwanza tuitazame njia yenyewe. Ukipitia lango la Sirimon unaanzia kimo cha mita 2,650 hivi. Siku ya kwanza ni kama kilomita 9 hadi Old Moses, mita 3,300. Siku inayofuata ni kama kilomita 14 hadi kambi ya Shipton, mita 4,200. Kisha mnaamshwa usiku wa manane, baridi kali ajabu, mkwee hadi Point Lenana, mita 4,985. Huko hewa ni haba na unahema kama mbwa aliyekimbizwa. Kilo moja ambayo huku nyumbani huisikii, kule unaisikia tena sana. Mwaka jana wasichana wawili wa kidato cha tatu waligeuka wakiwa Old Moses. Hawakuwa wagonjwa. Mabega yalikuwa yamechubuka.

Je, mzigo uwe wa kilo ngapi? Watembeaji wengi hushauri usizidi sehemu moja ya tano ya uzani wa mwili wako. Ukiwa na kilo 50, basi kilo 10 ndio mwisho, pamoja na chakula na maji. Sasa piga hesabu. Shanta la zamani la turubai lenye vyuma huweza kufika kilo 3 likiwa tupu! Umebakiwa na kilo 7 tu. La nailoni jepesi huwa kilo moja na kitu, na mengine hayafiki hata kilo moja.

Hapa nataka niwape habari iliyonifurahisha sana. Mwaka 1986 wataalamu walichapisha utafiti kuhusu akina mama wa Kikuyu na wa Kijaluo hapa kwetu. Waligundua kwamba akina mama hao, wa kwanza kwa ukanda wa kipajini na wa pili kichwani, waliweza kubeba mzigo wa sehemu moja ya tano ya uzani wao bila kutumia nguvu zaidi ya mtu anayetembea mikono mitupu. Sisi ambao hatukuzoezwa, kila kilo tunailipia. Kwa hivyo usimtazame nyanya yako na mzigo wake wa kuni ukasema, "Hata mimi naweza."

Kwa upande wa ukubwa, lita 40 hadi 50 zinatosha safari ya siku nne. Usichukue kubwa zaidi, kwani nafasi ikibaki utaijaza tu, nawajua nyinyi.

Jambo lililo muhimu kuliko yote ni mkanda wa kiunoni. Watu hudhani shanta hubebwa na mabega, kumbe shanta zuri hukaa juu ya mifupa ya nyonga, na mikanda ya mabegani kazi yake ni kulizuia lisikuangushe nyuma. Nyonga zimeshikana na miguu, na miguu ndiyo yenye nguvu. Ndiyo maana urefu wa mgongo hupimwa. Inamisha kichwa, papasa kile kifundo cha mfupa shingoni, kisha mwenzako apime kwa futi ya fundi cherehani kufuata uti wa mgongo hadi usawa wa mifupa ya nyonga. Shanta liwe la kipimo hicho. Mtu mrefu anaweza kuwa na mgongo mfupi, kwa hivyo usinunue kwa kutazama kimo.

Sasa bei. Nenda kwa wauza mitumba, jambo hili halina aibu. Vuta zipu zote mara mbili tatu. Funga na ufungue kila bizimu. Kagua pale mikanda ya mabegani iliposhonewa, maana hapo ndipo hukatika kwanza. Ikiwa ni ushonaji tu, fundi atarekebisha, lakini kitambaa kikiwa kinabanduka unga unga kwa ndani, kirudishe. Bei itategemea ulimi wako.

Na asiyepata kabisa asife moyo. Huko Marekani, mwaka 1955, mama mmoja aitwaye Emma Gatewood, mwenye umri wa miaka 67 na watoto 11, alitembea peke yake njia ya Appalachian, zaidi ya kilomita 3,000, akiwa na mfuko wa jinzi alioushona mwenyewe, ametundika begani. Siri yake ilikuwa ni kubeba vitu vichache.

Juu ya mvua: nailoni nyingi hupitisha maji, kwa hivyo nguo ziingie ndani ya mfuko imara usiopenya maji. Mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, na tangu 2020 chupa za maji za kutumia mara moja haziruhusiwi katika mbuga za taifa, basi beba chupa yako ya kudumu.

Ukishapata shanta, litie pakiti nne za unga za kilo mbili mbili, ufunge mkanda wa kiunoni, na uje nalo shuleni kwa miguu wiki nzima. Wakikucheka, endelea kutembea. Likikuuma siku ya pili, ubadilishe mapema kabla ya Agosti.