Je, Wajua? Kompyuta za Nyumbani na Mtu wa Ujiji

Je, wajua kwamba mwaka 1982, Waingereza walipokuwa wakisubiri kompyuta zao za ZX Spectrum kwa posta, mtu wa Ujiji, mkoani Kigoma, hakuruhusiwa kuagiza hata moja bila kibali maalumu? Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake mwaka 1974. Wizara ya Fedha ilikuwa imeanza kutumia kompyuta mwaka 1965, lakini baadaye mfumo wa hesabu za serikali ukavurugika, fedha za kigeni zikapotea, na makarani wakarudi kwenye madaftari. Aliyetaka mashine baada ya hapo ilimbidi aeleze ni ya kazi gani. Kule Uingereza magazeti kama Sinclair User yalipima vifaa vipya, michezo na vitabu vya mwongozo, kisha msomaji akaamua mwenyewe. Huku uamuzi ulikuwa wa serikali. Kwa maoni yangu marufuku ile ilidumu kupita kiasi, ingawa kuuliza “itatusaidia nini?” kabla ya kutoa fedha za kigeni hakukuwa upuuzi.

Tuseme kibali kimepatikana. Je, wajua kwamba kompyuta nyingi za nyumbani za wakati ule ziliuzwa bila kioo? Spectrum ilichomekwa kwenye tundu la antena la televisheni. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mapema miaka ya 1970, lakini Bara vituo vilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Kabla ya hapo, mtu wa Kigoma angehitaji kwanza televisheni ambayo haikuwa na kituo chochote cha Bara cha kuonyesha.

Lakini kifaa kimoja kilikuwepo tayari: redio kaseti. Programu za Spectrum ziliuzwa kwenye kanda za kawaida, zile zile za muziki wa dansi, na mchezo mkubwa ulichukua kama dakika 5 kuingia huku spika ikipiga ukelele. Sauti ikiwa ndogo, mashine haisikii. Ikizidi, inachanganyikiwa. Mara nyingi kosa lilikuwa kwenye hedi ya redio: ama imechafuka, ama imekaa upande kidogo. Dawa yake ni pamba yenye spiriti na bisibisi nyembamba ya kugeuza skrubu ndogo iliyo kando ya hedi, hadi mlio usikike mkali. Fundi redio yeyote wa mtaa wa Mwanga, Kigoma, angeimaliza kazi hiyo kabla chai haijapoa, na angefanya hivyo bila kusoma ukurasa hata mmoja wa mwongozo.

ZX81, mtangulizi wa Spectrum, iliyotoka mwaka 1981, ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 1. Hata robo ya makala hii isingeenea humo. Ndiyo maana kilichonunuliwa sana baada ya mashine yenyewe ni kijisanduku cha kilobaiti 16 cha kuchomeka nyuma. Tatizo lake ni kwamba kilichezacheza. Ukibonyeza kitufe kwa nguvu, kinatikisika, na kazi ya jioni nzima inafutika. Waingereza walikibana kwa gundi laini ya kubandikia picha ukutani, wengine kwa mipira ya kufungia. Huku fundi angeomba utepe mweusi wa umeme, basi.

Ajabu zaidi ni herufi. ZX81 haikuwa na herufi ndogo wala alama ya ritifaa. Kwa hiyo ng'ombe wa Waha wangeandikwa NGOMBE, na anayesafiri ng'ambo ya Ziwa Tanganyika angekwenda NGAMBO. Spectrum ilirekebisha yote mawili, na hapo Kiswahili kikapata nafuu ambayo jirani zetu hawakuipata. Lugha yetu haina vialama juu ya herufi, na seti ya kawaida ya herufi za Kimarekani iliitosha kabisa. Mwandishi wa Kifaransa huko Bujumbura au Kalemie angelazimika kuchora é yake mwenyewe, nukta kwa nukta.

ZX81 iliuzwa pia vipandevipande, mnunuzi aiunganishe nyumbani kwa kulehemu. Kigoma wangewaambia hilo si jipya: meli ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ilifika kando ya ziwa ndani ya makasha kama 5,000 na kuunganishwa papo hapo.

Kama ningeandikia jarida la wakati ule, kwa mkoa wa Kigoma, ambao umeme wake ulitegemea majenereta ya dizeli kwa miaka mingi, ningeipa alama za juu TRS-80 Model 100 ya mwaka 1983. Ilitumia betri ndogo nne, zile za redio ya mkononi, zikadumu kama saa 20. Kioo chake kilikuwa cha mistari 8 tu. Umeme ukikatika, kazi yako ipo. Spectrum haikuwa na huruma hiyo: taa ikizimika, kila kitu kimekwenda.

Programu za kuandikia za Kiswahili zilichelewa. Jambo OpenOffice, kazi iliyofanywa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitoka mwaka 2004.

Na je, wajua kwamba kumbukumbu za sokwe wa Gombe, kaskazini mwa Kigoma, kwa miaka mingi ziliandikwa kwa mkono na wasaidizi wa utafiti Watanzania, kwa Kiswahili? Kuziingiza kwenye kompyuta kulikuja baadaye, kazi hiyo ikifanyika Chuo Kikuu cha Minnesota. Siku hizi walinzi wa misitu kutoka vijiji vya jirani hurekodi mitego na miti iliyokatwa kwa simu na tableti. Moja ya programu walizotumia, Open Data Kit, hufanya kazi hata pasipo mtandao. Fomu hujazwa milimani na kutumwa mtu akishafika penye mtandao.