Subira na Matumaini Katika Kuchapisha Kitabu

 

Ndugu wanafunzi, wapo miongoni mwenu wenye madaftari yaliyojaa mashairi, kasida na masuala ya fiqhi. Wapo pia waliokwisha kuyatia uvunguni madaftari hayo kwa sababu mchapishaji mmoja aliyarudisha. Hao ndio tuliowakusudia hapa.

Tuanze na kitabu ambacho wengi wenu mmekishika mikononi, Qurani Takatifu ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy. Sheikh huyu, aliyezaliwa Unguja mwaka 1912, hakuitoa tafsiri yake kwa mkupuo mmoja. Katika miaka ya 1950 ilikuwa ikitoka sehemu sehemu. Yakaja Mapinduzi ya 1964, naye baadaye akahamia Kenya, ambako mwaka 1968 alishika ukadhi mkuu. Tafsiri nzima ilitolewa na Islamic Foundation, Nairobi, mwaka 1969. Muda wote huo, aliyetaka tafsiri kamili ya Kiswahili alikuwa na ile ya Padri Godfrey Dale ya 1923, au ya Waahmadiya ya 1953. Kwa hiyo kuchelewa kwa Sheikh hakukuwa jambo dogo. Lau angevunjika moyo njiani, tungesoma nini?

Wengine hawakuwahi kukiona kitabu chao. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa aliandika kwa Kiarabu historia ya Mazrui. Alifariki mwaka 1947, na kitabu kikatoka 1995, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Ni miaka 48! Lakini Sheikh hakukaa akingojea. Mwaka 1930 alikwisha kutoa gazeti dogo la As-Sahifa, na 1932 Al-Islah, akawafikishia watu elimu kwa njia iliyokuwa karibu naye.

Hapa ndipo wengi wanapoielewa vibaya subira. Wanadhani ni kukunja mikono. Katika Sura Yusuf, Nabii Yaaqub (A.S.) alisubiri subira njema, na bado aliwatuma wanawe wakamtafute Yusuf na nduguye, akawakataza kukata tamaa na rehema ya Allah. Alisubiri huku akitafuta.

Basi mwenye mswada naye atafute. Kwanza autoe nakala, kwani daftari moja likilowa mvua au likiliwa na mchwa, hakuna tena cha kusubiri. Pili ampe mwanachuoni ausome, hasa penye aya na hadithi; irabu moja ikikosewa hugeuza maana, na kitabu kikishatawanyika hakirudishwi. Mchapishaji akiurudisha, aulize sababu. Huenda ni lugha, huenda ni urefu, na mara nyingi ni fedha tu, maana karatasi na wino hulipiwa kabla nakala ya kwanza haijauzwa. Sisi tunaona bora kuanza na kijitabu cha kurasa ishirini kuliko kukopa ili kuchapa kurasa mia tatu zitakazolala chini ya kitanda.

Na kwa asiye na hata cha kijitabu, jarida hili hutoka kila mwaka. Shairi au makala iandikwe kwa hati inayosomeka, upande mmoja wa karatasi, na mwandishi abaki na nakala yake.